Maswali ya meya mpya: kukuza mji katika SimCity BuildIt ukiwa Lamu au Malindi

Haya ni maswali ambayo vijana, akina mama na hata wazee wetu wa Lamu na Malindi huuliza mara tu wanapoanza kujenga mji kwenye simu. Mengine huulizwa barazani, mengine huja kwa ujumbe usiku wa manane, mtu ameshakwama na anataka jibu hapo hapo. Nimeyajibu kwa urefu pale ambapo wengi huanguka, na kwa ufupi pale ambapo hakuna mengi ya kusema.

Ni gemu gani hasa tunalozungumzia?

Ni SimCity BuildIt. Lilitoka mwaka 2014, likatengenezwa na studio ya Track Twenty ya Helsinki, Finland, na kusambazwa na kampuni ya Electronic Arts. Babu yake ni SimCity ya mwaka 1989, kazi ya Will Wright na kampuni ya Maxis, iliyochezwa kwenye kompyuta. Hili la simu ni tofauti sana na lile la kompyuta. Humo hupangi kiwango cha kodi wala bajeti ya mwaka. Kazi yako ni kuzalisha vifaa vya ujenzi, kuwapa wenye nyumba wanachoomba ili nyumba zao ziongezeke ghorofa, na kuuza kinachobaki. Ukilielewa hilo mapema, umeelewa nusu ya gemu. Anayelichezea kama mchoraji wa ramani tu hukaa wiki nzima bila kusogea.

Linataka intaneti kila wakati? Mtandao wetu mnaujua.

Ndiyo, halifunguki bila mtandao. Lakini uzalishaji huendelea hata simu ikiwa imezimwa, kwa hiyo huhitaji kukaa hewani siku nzima. Fungua, vuna kilichoiva, panga kazi mpya, funga. Dakika chache zinatosha. Masasisho makubwa yasubiri mpaka upate Wi-Fi, kwa sababu ndiyo yanayokula bando, wala si kucheza kwenyewe.

Na ukiwa kwenye boti ya Mokowe, au mahali popote mtandao unapoyumba, usianze kununua wala kuuza. Subiri ufike gatini.

Nimeshapakua. Siku ya kwanza nifanye nini?

Fuata maelekezo ya mwanzo mpaka yaishe, kisha ujizuie. Hapo ndipo mkono huwasha. Gemu linakupa viwanja vya nyumba bila malipo, nawe unataka kuvijaza vyote na kukubali kila ombi la kila mwenye nyumba. Usifanye hivyo.

Fanya haya badala yake. Kiwanda chako cha kwanza kisikae bure hata kidogo: kijaze chuma na magogo. Chuma huchukua dakika 1 na magogo dakika 3. Ukishafungua duka la vifaa vya ujenzi, anza kutengeneza misumari. Msumari mmoja unataka vipande 2 vya chuma na dakika 5. Fedha yako ya mwanzo, yaani zile Simoleon, usiimalize kwa mapambo. Iweke kwa ajili ya kiwanda cha pili, na kwa ajili ya huduma ambazo wakazi wataanza kuzidai karibuni.

Nyumba pandisha chache tu. Chagua zile zinazoomba vitu ambavyo tayari unavyo.

Barabara na viwanda nivipange vipi?

Barabara zinyooke. Kila nyumba, kiwanda na duka lazima liguse barabara, na barabara zote ziungane. Kona nyingi zinakula ardhi, na ardhi mwanzoni ni haba.

Viwanda vya bei nafuu hutoa uchafu. Nyumba yoyote iliyomo ndani ya eneo la uchafu huo wakazi wake hulalamika, na hatimaye huhama. Basi tenga upande mmoja wa mji, tena pembeni kabisa, uwe wa viwanda, jaa la taka na bomba la maji taka. Makazi yawe upande wa pili. Jambo la kushukuru ni kwamba umeme, maji, maji taka na taka havihitaji kuwa karibu na nyumba. Vinahesabiwa kwa kiasi tu: mtambo ukiunganishwa na barabara, huduma inafika mji mzima. Kwa hiyo mtambo wa umeme wa makaa, ambao ni rahisi lakini mchafu, unaweza kukaa mwisho wa ramani, na mitambo ya upepo, ambayo haichafui, ukaiweka popote.

Sisi watu wa Lamu jambo hili halitushangazi. Maji ya mji wetu yanatoka kwenye visima vya Shela, chini ya yale matuta ya mchanga, na ndiyo maana wazee na wanaharakati wamepigania kwa miaka mingi matuta yale yasijengwe. Kujua mapema mahali gani pasijengwe kitu ni sehemu ya kupanga mji, wa kweli na wa simu.

Kuna tofauti gani kati ya kiwanda na duka? Naona vyote vinatengeneza vitu.

Swali hili ni muhimu kuliko yote, na ajabu ni kwamba wachache hulifikiria.

Kiwanda hutoa malighafi: chuma, magogo, plastiki, mbegu, madini, kemikali, vitambaa na kadhalika. Nafasi zake zote hufanya kazi kwa pamoja. Ni tanuri la mkate wa mofa: mikate yote imebandikwa na yote inaiva wakati mmoja. Ukiweka magogo kwenye kila nafasi, baada ya dakika 3 yote yako tayari.

Duka hufanya kazi kwa foleni. Ukipanga nyundo nne, ya kwanza ikamilike ndipo ya pili ianze. Nyundo moja ni dakika 14, kwa hiyo nne ni karibu saa nzima. Hapa ndipo mji unapokwama: duka moja limezibwa na kitu kirefu, na nyumba tano zinangoja kitu kifupi kutoka duka hilo hilo.

Ona duka la vifaa vya ujenzi. Msumari ni dakika 5, tofali ni dakika 20, ubao ni dakika 30, na simiti ni dakika 50. Ukipanga simiti mbili mbele na msumari nyuma yake, msumari wa dakika 5 utaungoja kwa karibu saa mbili. Panga vifupi mchana ukiwa na simu mkononi, na virefu unapoondoka.

Hesabu nyingine inayofungua macho ni ya kiti. Kiti kinataka magogo 2, msumari 1 na nyundo 1. Msumari ni chuma 2, na nyundo ni chuma 1 na gogo 1. Jumla ni chuma 3 na magogo 3, lakini kinapita kwenye maduka matatu: la vifaa vya ujenzi, la zana na la samani. Kwa hiyo ukitaka viti kesho asubuhi, misumari na nyundo zianze leo. Meya mzuri anafikiria hatua mbili nyuma ya kile anachoombwa.

Unapanga vipi siku nzima? Nina kazi, siwezi kushika simu kila saa.

Wengi wetu hufuata saa za sala, maana hata hivyo siku yetu imegawanyika hivyo. Baada ya alfajiri, vuna vya usiku na uweke vitu vya muda wa kati: madini ambayo ni dakika 30, au kemikali ambazo ni saa 2. Adhuhuri, vuna tena na uweke kemikali au vitambaa. Vitambaa ni saa 3. Kati ya alasiri na magharibi ndio wakati wa kukaa nalo kidogo: chuma, magogo, misumari, kuuza na kupandisha nyumba. Baada ya isha, kabla ya kulala, jaza viwanda vyote kwa vile virefu ulivyokwisha kufungua: sukari na viungo saa 4, vioo saa 5, chakula cha mifugo saa 6. Madukani nako panga vile vinavyochukua muda.

Kosa la kuuma ni kulala huku viwanda vimejaa chuma cha dakika 1. Umepoteza usiku mzima.

Stoo yangu imejaa kila mara. Nifanye nini?

Karibu kwenye tatizo la kila mtu. Stoo huanza na nafasi 40 tu, na kila kitu kinaingia humo: malighafi, bidhaa za dukani, hata vile vitu maalumu vya kupanua mji. Stoo ikijaa huwezi kuvuna, na usipovuna uzalishaji unasimama.

Kwanza, usivune usichokihitaji sasa. Kilichoiva kiwandani hubaki pale pale mpaka ukichukue, na bidhaa iliyokamilika dukani vilevile husubiri. Haviozi. Kwa hiyo usiku viwanda vyako ni stoo ya pili bila malipo. Asubuhi vuna kile tu ambacho kitatumika dakika hiyo hiyo.

Pili, usirundike malighafi za kufumba na kufumbua. Chuma ishirini stoo ni nafasi ishirini zilizozibwa na kitu unachoweza kukipata kwa dakika 1. Weka akiba ya vile vinavyochukua muda, kama kemikali, vitambaa na viungo, na ya bidhaa zinazoombwa sana kama misumari, mbao na nyundo. Vitano vitano vinatosha mwanzoni.

Tatu, panua stoo kabla ya kupanua kitu kingine chochote. Upanuzi wa stoo hutaka vitu vitatu kwa idadi sawa: kamera, kufuli na nondo za stoo. Huvitengenezi wewe. Hupatikana kwenye vile viputo vinavyotokea juu ya majengo, na mara nyingine sokoni kwa wachezaji wengine. Bonyeza kila kiputo unachokiona. Wenzangu wengi hukusanya vya stoo na vya kupanua ardhi kwa pamoja, yaani bamba la mbele, gurudumu na bomba la moshi vya tingatinga, na matokeo yake stoo inajazwa na vifaa vya kuipanua. Chagua kimoja. Mimi nasema stoo kwanza, na vya tingatinga uviuze mpaka utakapobanwa kweli na ardhi. Fedha ya kuviuza itakununulia kufuli unazokosa.

Nimesema kwa urefu kwa sababu nimeona miji mizuri ikifa hapa. Mtu ana viwanda vitatu, nyumba zinameremeta, na hawezi kutengeneza kiti kimoja kwa kukosa nafasi ya nyundo.

Kwa nini kila mtu ananiambia nisipande daraja haraka? Si ndiyo lengo?

Hebu tuelewane hapa, ndugu yangu. Daraja lako la umeya hupanda hasa kwa kuongeza ghorofa za nyumba. Kila daraja jipya hufungua bidhaa mpya, duka jipya au huduma mpya. Inasikika kama zawadi, na kwa kiasi fulani ni zawadi. Lakini tangu dakika hiyo wakazi wanaruhusiwa kuiomba bidhaa hiyo.

Jana walitaka misumari na mbao. Leo wanataka miche ya miti, na mche mmoja ni mbegu 2, sepetu 1 na saa moja na nusu. Sepetu nayo ni chuma, gogo na plastiki, na nusu saa ya duka la zana. Ongeza duka jipya ambalo lazima ulinunue kwa Simoleon, na huduma mpya, mathalani zimamoto, ambayo usipoijenga watu wanahama. Stoo yako bado ni ile ile ya nafasi 40. Umeongeza madai bila kuongeza uwezo.

Ndiyo maana aliyepanda haraka huonekana mbele wiki ya kwanza, kisha akakaa hapo hapo. Aliyejizuia ana stoo kubwa, viwanda zaidi na fedha mkononi, na kila daraja analofika analimudu siku hiyo hiyo.

Kujizuia maana yake si kutocheza. Maana yake ni kukaa kwenye daraja la chini ukizalisha na kuuza, na kupandisha nyumba moja moja, mpaka mambo matatu yatimie: stoo imepanuliwa mara kadhaa, una viwanda vya kutosha kwamba huoni haya kuweka vitambaa usiku, na una akiba ya Simoleon ya kujenga duka na huduma inayofuata. Hapo panda. Ukifika juu, simama tena.

Wapo watakaokupinga kwamba hilo linachosha. Mimi naona kinyume chake. Mji uliotulia ndio wenye raha ya kuutazama.

Niuze nini, na kwa bei gani?

Kila kitu kina bei yake ya juu ambayo huwezi kuipita. Chuma kimoja kisizidi Simoleon 10, gogo 20, plastiki 25, mbegu 30. Msumari ni 80, nyundo 90, ubao 120, kiti 300. Tazama tofauti hiyo: chuma 2 ukiviuza vyenyewe ni 20, ukivigeuza msumari ni 80, tena kwa dakika 5 tu. Chuma 3 na magogo 3 vikiuzwa vilivyo ni 90, vikiwa kiti ni 300.

Kwa hiyo malighafi za mwanzo usiuze, ila umebanwa. Misumari ndiyo biashara ya kwanza ya meya maskini: hakuna bidhaa ya mwanzo inayolipa hivyo kwa dakika, ilimradi uko karibu na simu. Ukiondoka, panga mbao au viti.

Uza kwa bei ya juu na kwa vifurushi vya vitano, kwa kuwa nafasi za kibanda chako cha biashara ni chache na kila nafasi haipokei zaidi ya vitano. Tangaza sokoni. Bidhaa ya kawaida ikikaa bila mnunuzi, punguza kidogo, usiitupe. Na ukiona mtu anauza kemikali au vitambaa kwa bei ya chini, nunua bila kufikiri mara mbili. Umenunua saa zake.

Kodi nayo?

Hutegemea idadi ya watu na furaha yao. Hujikusanya kwenye jumba la meya kwa siku moja kisha husimama mpaka uichukue, kwa hiyo ichukue kila siku. Mwanzoni ni ndogo, usiitegemee.

SimCash nizitumie wapi?

Zile noti za kijani ni adimu. Usiharakishe uzalishaji kwa SimCash, hata siku moja. Mtu ametumia tano ili asingoje nusu saa, na nusu saa ile angekuwa anakunywa kahawa. Ziweke, na ukizitumia, zitumie kwa kitu cha kudumu: nafasi ya ziada kwenye foleni ya duka unalolitegemea zaidi. Nafasi hiyo utakuwa nayo maisha yote ya mji.

Watu wanahama na nyumba zinabaki mahame. Kuna nini?

Bonyeza nyumba, itakueleza kinachokosekana. Ikiwa ni umeme, maji, maji taka au taka, ongeza mtambo popote pale. Ikiwa ni uchafu, hamisha nyumba au kiwanda. Kuhamisha jengo ni bure.

Ikiwa ni zimamoto, polisi au afya, hesabu ni nyingine. Huduma hizi zina eneo lake, na nyumba lazima iwe ndani ya eneo hilo. Kituo kidogo hufikia nyumba chache na kikubwa hufikia nyingi, lakini bei yake ni kubwa. Ndiyo maana makazi yakusanye pamoja, usiyatawanye: kituo kimoja katikati ya nyumba zilizosongamana kinafanya kazi ya vituo vitatu. Mitaa ya Mkomani na Langoni ilivyobanana, mtu wa Lamu anaijua faida ya ujirani.

Kabla hujapanda daraja, angalia kama kuna huduma mpya inafunguka, na uwe na fedha yake. Uhamaji mwingi huanzia kwenye fedha iliyoisha siku daraja lilipopanda.

Bustani na shule zina faida au ni pambo?

Zina faida kubwa. Bustani huongeza asilimia ya watu katika nyumba zilizo ndani ya eneo lake bila wewe kuongeza ghorofa hata moja. Watu wakiongezeka bila ghorofa, kodi inakua na daraja halisogei. Mnaona jinsi hili linavyoungana na lile la kujizuia. Nunua bustani ndogo ndogo za Simoleon na uziweke ambapo zinagusa nyumba nyingi.

Shule na usafiri hununuliwa kwa funguo za dhahabu, kwa hiyo zitasubiri kidogo.

Funguo za dhahabu hupatikana wapi?

Njia kuu ni mbili. Ya kwanza ni meli ya mizigo: huja bandarini ikitaka makasha matatu ya bidhaa kwa muda maalumu, ukiyajaza unalipwa. Usiikimbilie kwa kuvuruga mpango wako. Ikitaka ulichonacho, jaza. Ikitaka usichonacho, iache iende, nyingine itakuja.

Ya pili ni majanga ya Dr. Vu, yule mwanasayansi wa ndani ya gemu. Wewe ndiye unayeyaita kutoka kwenye mnara wake, nyumba zinaharibika, unazitengeneza kwa vifaa, unapata funguo. Kabla ya kuita janga, hakikisha vifaa vya matengenezo viko stoo, la sivyo utakaa na magofu kwa siku kadhaa na kodi itashuka.

Foleni za magari?

Barabara ikigeuka rangi nyekundu, iboreshe hiyo tu, si mji mzima. Nyingi ni zile zinazotoka kwenye kundi la nyumba kwenda barabara kuu.

Nijiunge na klabu? Na vita vya klabu?

Klabu ndiyo, mapema, hasa ya watu mnaojuana. Mtu wa Malindi akikosa kufuli na wa Lamu anazo tatu, mambo yanakwisha kwa mazungumzo. Vita na mashindano ya mameya yaache mpaka mji umesimama. Yanataka bidhaa nyingi kwa muda mfupi, na yatakutoa kwenye mpango.

Naona kuna maeneo mengine nje ya mji mkuu. Niende?

Yatafunguka kadiri watu wanavyoongezeka, nawe chagua moja tu. Kila eneo lina fedha yake na malighafi yake. Watu wa pwani wengi huvutiwa na Sunny Isles, ambako malighafi ni nazi, na sikulaumu. Lakini kila eneo ni mdomo mpya wa kulisha, na stoo ni ile ile.

Ninaweza kujenga mji unaofanana na Lamu?

Si sawasawa. Vichochoro vya punda havimo, kila nyumba inataka barabara ya gari, na majengo yanapanda kuwa minara ya vioo. Mji wa Kale wa Lamu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001 kwa sababu haukuenda njia hiyo. Lakini roho yake unaweza kuiga: makazi yaliyosongamana, bustani katikati, ufuo ulioachwa kwa watu, na viwanda mbali na macho. Nimeona kijana wa Malindi aliyefanya hivyo, akaacha upande wa bahari wote kwa starehe, na mji wake unapendeza na unafanya kazi.

Mimi ni mzazi. Mwanangu analicheza, na simu ni yangu. Niogope?

Mama, gemu lenyewe halina ubaya, na hesabu zake zinamfaa mtoto. Mambo mawili uyashike. Gemu ni la bure lakini linauza SimCash kwa fedha halisi, kwa hiyo weka nenosiri la ununuzi kwenye Google Play, na usiache njia ya malipo, iwe kadi au M-Pesa, ikiwa wazi. Na mpangie nyakati. Kwa kuwa uzalishaji unaendelea gemu likiwa limefungwa, hana sababu ya kukuambia kwamba lazima akae nalo.

Kuna tovuti zinasema zitanipa SimCash bila kikomo nikiandika jina na nenosiri langu.

Ni utapeli, zote. Zinataka akaunti yako au zinataka ubonyeze matangazo. Hakuna hata moja itoayo. Usiandike chochote, na umwonye mwenzio.

Simu ikipotea au ikianguka majini, mji umekwenda?

Umekwenda ikiwa hukuunganisha na akaunti. Ingia kwenye mipangilio leo, uunganishe, na uhakikishe barua pepe uliyotumia unaikumbuka. Kwa watu wanaopanda mashua kila siku hili si la kungoja kesho.

Nimeshapanda daraja mbio, stoo ndogo, fedha sina. Nifute nianze upya?

Usifute. Kuhamisha majengo ni bure, kwa hiyo upangaji wote unaweza kurekebishwa. Acha kupandisha nyumba kabisa kwa muda, hata zikiomba vitu unavyovimiliki. Kusanya nyumba ziingie ndani ya maeneo ya huduma ulizonazo. Rudi kwenye misumari mchana na vitambaa usiku, uza vitano vitano, na kila Simoleon itakayobaki iende kwenye kufuli, kamera na nondo. Stoo ikifika mahali unapovuna asubuhi bila kufikiria nini cha kutupa, pandisha nyumba moja, kisha nyingine.